Chupa Katika Kabati la Mwenzangu

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti. Tulikuwa wanawake kumi na wawili kutoka Kenya, wafanyakazi wa usafi katika bweni la chuo kimoja cha wasichana mashariki mwa Riyadh, karibu na Al-Naseem. Karatasi zilikuwa zimeandikwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Msimamizi wa bweni alitukusanya kwenye chumba cha kufulia, akauliza kwa Kiingereza ni nani kati yetu anayesoma vizuri, na kabla hajamaliza kuuliza mkono wangu ulikuwa juu. Ndivyo nilivyo. Shuleni niliwahi kuchapwa kwa kujibu swali aliloulizwa mwanafunzi mwingine.

Basi nikasoma, nikigeuza kwa Kiswahili kifungu baada ya kifungu. Ni marufuku kwa mwanafunzi au mfanyakazi, wa dini yoyote, kuingiza, kutengeneza, kuhifadhi, kunywa au kumpa mwingine kileo cha aina yoyote. Ni marufuku bangi, miraa na vidonge vya kulevya. Dawa ya hospitali, hata ya kikohozi, lazima iwe na cheti cha daktari na jina la mgonjwa. Anayejua mwenzake amevunja kanuni akanyamaza, naye amevunja. Mwanafunzi atafukuzwa chuo. Mfanyakazi atakatiwa mkataba na kurudishwa kwao, na yakizidi hapo mambo yatakuwa ya polisi. Nilipofika kwenye neno kutengeneza, mmoja wetu aliuliza nani atapika chang'aa katikati ya mashine za kufulia. Nikamwambia, kwa macho yale yake, yeye angeweza. Tukacheka, tukatia sahihi, na msimamizi akakusanya fomu zake bila kucheka.

Huyo msimamizi tulimwogopa, na sababu tulikuwa nayo. Wiki yetu ya kwanza pale tulimsengenya mbele ya uso wake: miwani yake, mwendo wake, viatu vyake vya mpira. Tulisengenya kwa Kiswahili, tukiwa na raha zetu. Siku ya nane akaingia jikoni, akafungua sufuria la maharagwe na kusema, "Yametiwa chumvi kwa mkono mzito haya. Nani kayapika?" Kiswahili cha Unguja kabisa, kisicho na kasoro. Kumbe kwao walitoka Unguja mwaka wa mapinduzi, yeye akazaliwa Jeddah, akalelewa na bibi yake aliyekataa kusema lugha nyingine ndani ya nyumba. Alikuwa ametusikia siku zote saba na hakusema neno. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mwenzangu wa chumba alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu yeye peke yake hakuwa amesengenya.

Mwenzangu huyo alitoka Kwale. Alikuwa Mwislamu, mwembamba, msafi kupita kiasi, mwenye kunizidi umri kwa miaka mitatu na mwenye kuitumia miaka hiyo mitatu vilivyo. Aliniambia nisioge maji baridi asubuhi, nikaoga. Aliniambia nisibishane na dereva wa basi, nikabishana naye tangu bwenini hadi madukani. Aliniambia nipunguze sauti nikiongea na binti yangu kwa simu, nami nikamwambia binti yangu asalimie shangazi yake asiyependa kelele. Hakukasirika. Alikuwa na namna yake ya kuvuta pumzi kwa pua halafu kuendelea kukunja nguo. Tulikaa chumba kimoja karibu miaka miwili, na sikumbuki jambo hata moja ambalo aliniambia nikalifuata mara ya kwanza.

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka Saudia, mbali na mshahara. Kila mwaka, katika likizo fupi baada ya mitihani ya Januari, chuo kilikodi basi la kupeleka wafanyakazi Waislamu Makka kwa umra. Mwaka wake wa kwanza alishikwa na homa basi likamwacha. Mwaka huo wa pili ulikuwa wa mwisho kwake. Mkataba wake ungeisha mwezi mmoja baada ya safari, na kwao mama yake alikuwa hawezi tena kuishi peke yake, kwa hiyo hakuwa na nia ya kuongeza. Alikuwa amejiandaa tangu Oktoba. Alinunua daftari dogo la jalada la kijani akawa anaandika humo dua za watu. Wenzetu wote walipeleka maombi yao, hata sisi Wakristo. Mimi nilimwambia amwombee binti yangu afaulu mtihani na aache kufuatana na kijana fulani wa pikipiki. Akaandika yote mawili, na akaniuliza jina la kijana. Nikamwambia huyo hahitaji dua, anahitaji kiboko. Hilo hakuliandika.

Sasa nije kwenye uji.

Kwetu, upande wa mlima, uji unaopikwa siku ile ile ni wa watoto na wagonjwa. Uji wa mtu mzima huchachushwa. Unachukua unga wa wimbi na wa mahindi, unaukoroga kwa maji ya vuguvugu, unauacha siku mbili au tatu mpaka utoe mapovu na harufu ya ukali, ndipo unaupika kwa maji mengi na sukari. Ukinywa kikombe kimoja asubuhi, unafagia ngazi za orofa nne bila kuuliza saa. Nilikuwa nimeutengeneza hata Jeddah, kabla ya Riyadh, nilipofanya kazi za ndani miaka miwili katika nyumba moja ya Aziziya. Madam wa pale aliona chupa ikitoa mapovu nyuma ya jiko, akauliza, nikampikia, akaonja kwa ncha ya ulimi na kusema mafi mushkila, hamna tatizo, lakini iwe mbali na maziwa yake. Basi kwangu mimi jambo hilo lilikuwa limeshapita kwa mwajiri na kukubaliwa. Sikuwahi kuliweka pamoja na fomu ya kurasa nne. Niliisoma fomu ile kwa sauti yangu mwenyewe, neno kutengeneza na neno kuhifadhi, na chupa yangu ilikuwa wakati huo huo chini ya kitanda inachacha. Akilini mwangu kileo kilikuwa kitu cha walevi. Uji ulikuwa uji.

Unga nilipata katika duka la Mhindi mmoja karibu na msikiti; kwao wimbi huliwa pia, wanaliita ragi. Shida ilikuwa baridi. Asiyewahi kukaa Riyadh mwezi wa Januari anadhani jangwa ni joto tu. Chupa yangu ilikaa siku tatu chini ya kitanda na uji ukabaki umelala, hata povu moja hamna. Nikalalamika. Mwenzangu akavuta pumzi yake ile, akasema bomba la maji ya moto linapita nyuma ya kabati lake, niiweke humo, lakini nisimchafulie nguo. Nikaiweka pembeni, chini ya kanzu zake za kuswalia, nikalegeza kifuniko ili isipasuke. Siku ya pili ilikuwa inachemka yenyewe kwa furaha.

Wiki hiyo hiyo, mwanafunzi mmoja wa orofa ya tatu alianguka kwenye chumba cha mtihani. Alikuwa amemeza vidonge vya kumfanya asilale, siku nne mfululizo, ili asome. Alipona, lakini baba yake alikuja na sauti yake, na chuo kikatoa amri kwamba bweni zima lipekuliwe, chumba kwa chumba, wanafunzi na wafanyakazi bila kubagua. Jumapili asubuhi, baada ya chai, walianza kwetu chini. Walikuwa wawili: msimamizi wetu, na mwanamke wa ofisi kuu aliyekuja na ubao wa kuandikia na glavu za mpira.

Sisi tulisimama mlangoni. Yule wa ofisi kuu alifungua kabati la mwenzangu, akainua kanzu, akaiona chupa. Lita mbili, rangi ya kahawia, mapovu yanapanda. Alipogusa kifuniko kilifoka kidogo, na harufu ikajaa chumba. Harufu hiyo mimi naipenda. Nilimwona anavyorudi nyuma na nikaisikia harufu hiyo hiyo kwa pua yake yeye, na ndipo, kwa mara ya kwanza, nikaelewa nilichokuwa nimekihifadhi.

Msimamizi aliuliza kwa Kiswahili, kwa upole, "Hii ya nani?"

Mimi huwa wa kwanza kujibu kila swali. Hilo sikulijibu. Mwenzangu ndiye aliyesema, "Yangu, madam. Ni uji."

Yule wa ofisi kuu alitoka na chupa kuiweka kwenye mfuko, msimamizi akamfuata, na kwa muda wa dakika moja tukawa wawili. Mwenzangu alinishika mkono. "Wewe nyamaza," alisema. "Mimi ni Mwislamu, naswali wananiona. Hakuna atakayenidhania pombe. Wewe ukisema ni yako, halas, umekwisha, waenda nyumbani. Mimi wataniuliza mawili matatu yaishe."

Hesabu yake ilikuwa na akili, kwa mtu wa pwani ya Kenya aliyezoea kwamba pombe ni mambo ya sisi wa bara. Alidhani dini yake ingemkinga. Ilikuwa kinyume kabisa. Yule mwanamke wa ofisi kuu aliporudi, alisema maneno marefu ya Kiarabu kwa sauti iliyotetemeka, na msimamizi akayatafsiri huku akitazama chini: kwamba Mkristo akikutwa na kitu hiki, amevunja kanuni za chuo, lakini mtu anayeswali, aliyeomba mwenyewe kupelekwa Makka, kukiweka chini ya nguo za swala, hilo ni jambo jingine. Niliona uso wa mwenzangu ukibadilika. Hakutegemea kuumizwa mahali hapo. Alifunga kabati lake taratibu, akachukua mtandio wake, akaenda nao. Walimweka katika chumba cha wageni karibu na lango, bila kazi, hadi uchunguzi uishe. Kwa kanuni za chuo, aliye chini ya uchunguzi hasafiri.

Mimi nikabaki na ufagio.

Nataka kuandika siku hizo kama zilivyokuwa. Nimewahi kuzisimulia kwa namna inayonipendeza, na namna hiyo ni ya uongo. Sikulia na sikukosa usingizi. Nilifanya kazi vizuri kuliko kawaida. Nilipiga deki ngazi mpaka mwanafunzi mmoja akanisifu. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe kaniambia ninyamaze. Nilijiambia nikijitokeza sasa tutaonekana tumepanga uongo, tutaondoka wote wawili, na nani atafaidi. Nilijiambia binti yangu yuko kidato cha pili na karo hailipwi na dhamiri. Sababu zilikuwa nyingi na kila moja ilisimama kwa miguu yake. Wenzetu kumi wengine walijua chupa ni ya nani, kwa kuwa nimewanywesha wote. Hakuna aliyenisema. Walinipisha tu kwenye meza ya chakula, nikawa na nafasi ya kutosha viwiko vyote viwili.

Jumatatu nilimwona kwa mbali, dirishani mwa chumba cha wageni, anapangusa kioo kwa kitambaa. Hakuwa ameambiwa apanguse. Nilipunga mkono naye akapunga, akaendelea na kioo chake.

Jumanne, mchana, listi ya basi ilibandikwa ubaoni. Majina manane. Nililitafuta lake nikijua halipo. Nilisimama pale kwa muda, na moyo ukaniuma, nitakuwa nasema uongo nikisema haukuniuma. Halafu nikaenda kula.

Kilichonitoa kilikuwa kidogo. Jumatano asubuhi, mmoja wa wanane wale, mama mmoja wa Malindi, alikuja chumbani kwetu na lile daftari la kijani. Mwenzangu alikuwa amempelekea, akamwomba azisome yeye dua zote kule mbele ya Kaaba, kwa kuwa watu walishaahidiwa. Mama wa Malindi hakuwa mzuri sana wa kusoma mwandiko wa mtu, akataka nimsomee kwanza ili azishike. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Dua ya kwanza ilikuwa ya binti yangu. Jina lake kamili, shule yake, mtihani wake, kijana wa pikipiki. Ya mama yake mwenyewe ilikuwa ya tatu, na yake yeye sikuiona popote katika daftari zima, kwa sababu yake angeiomba kwa mdomo wake mwenyewe akifika.

Nilimrudishia daftari nikamwambia akamtafute mwingine wa kumsomea. Nilikwenda ofisini kwa msimamizi na aproni yangu imelowa maji.

Alikuwa anakunywa chai. Nilisema nikiwa bado nimesimama, "Madam, ile chupa ni yangu. Uji ni wangu, unga nilinunua mimi, na mimi ndiye niliyeiweka kwa kabati yake. Si pombe. Ni uji wa kwetu. Yeye hajui hata kuutengeneza."

"Najua," alisema.

Akaweka kikombe. "Jumapili nilimuuliza uji ule anaupikaje. Kaniambia kwa tui la nazi na pilipili manga na iliki. Nikamuuliza umechacha kwa nini. Kaniambia ndivyo unavyokuwa." Alitabasamu kidogo, bila raha. "Mwanangu, uji wa tui ndio uji alionilea nao bibi yangu kila Ramadhani. Ukichacha, unamwagwa. Hakuna mtu wa pwani anayeuweka uji uchache na kuufunika kwa kanzu ya kuswalia. Chumba kile kina vitanda viwili."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuniita. Niliuliza kwa ukali. Ndiyo tabia yangu, nikiona aibu napandisha sauti.

"Nilimuuliza mara mbili kama ni yake, mara mbili kasema ni yake. Nikuite wewe nimfanye yeye mwongo? Nikaona nimpe nafasi mwenye chupa." Alinyoosha karatasi zilizokuwa mbele yake ambazo zilikuwa tayari zimenyooka. "Ofisi kuu walitaka listi Jumatatu asubuhi, na nakala za ikama, vile vibali vya ukaazi. Nikawaambia bado. Jumatatu jioni nikawaambia bado. Jumanne adhuhuri sikuweza tena. Wallahi nilikaa hapa na mlango wazi."

Nilikumbuka ule mlango. Nilikuwa nimeupitia na ndoo mara nne au tano siku zile mbili, na kweli ulikuwa wazi.

Hakuna kilichobaki ila kuthibitisha. Msimamizi alimwita yule wa ofisi kuu, tukaenda jikoni kwa wafanyakazi, na ile chupa ikatolewa kwenye mfuko wake. Nikapika mbele yao. Nilikoroga kwa mwiko bila kuinua macho, mvuke wenye ukali ukapanda, yule wa ofisi kuu akajifunika pua kwa mtandio lakini hakuondoka. Nilipotia sukari nikawapakulia. Yeye alikataa. Msimamizi akasema bismillahi, akanywa funda moja, uso ukakunjamana kama wa mtoto aliyepewa ndimu, akaomba sukari zaidi, akanywa kikombe chote mpaka mwisho huku sisi wawili tukimtazama. Kisha akazungumza na mwenzake kwa Kiarabu kwa muda mrefu. Nililishika neno moja tu, akl, chakula, nalo alilirudia mara tatu.

Ripoti iliandikwa upya siku ile ile. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwa kuhifadhi chakula kilichochacha chumbani na kwa kuchelewa kusema. La pili hilo msimamizi alilisisitiza liandikwe. Mwenzangu alifutiwa yote, na yule wa ofisi kuu alikwenda mwenyewe chumba cha wageni kumwomba radhi, jambo ambalo sikulitegemea kwake. Kuhusu basi, aliulizwa mwenye kampuni, akaulizwa wa vibali, jibu likawa moja: majina yameshapelekwa.

Alirudi chumbani Jumatano alasiri. Nilikuwa nimemtandikia kitanda na kufua kanzu zake ili zisinuke uji. Nilimwambia nisamehe. Alisema, "Yamepita." Nikamwambia, wewe ndiwe uliyeniambia ninyamaze. Akavuta pumzi yake kwa pua, akasema, "Ni kweli, nilikwambia," akaanza kukunja nguo nilizokuwa nimeshazikunja. Alhamisi baada ya swala ya alasiri basi liliondoka na wanane. Yeye alikuwa zamu ya kuosha vyombo, akaviosha vyote, hata visivyokuwa vyake. Waliporudi, mama wa Malindi alimletea chupa ya maji ya zamzam kwa ajili ya mama yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka sandukuni.

Mwezi mmoja baadaye alikwenda nyumbani. Tuliagana vizuri. Kwa nje hapakuwa na kitu.

Mimi niliendelea. Onyo lile halikunizuia chochote. Mwaka uliofuata nilihamishiwa chuo dada cha Jeddah, na makazi yetu yakawa Al-Nuzha. Nilikuwa katika mji ninaoujua, kwa mshahara uliopanda kidogo, na kutoka pale hadi Makka si hata mwendo wa saa moja na nusu. Mabasi ya umra yalipita barabara kubwa mchana kutwa. Watu wa kila rangi, wanawake wakongwe wamelaza vichwa kwenye vioo. Wakristo hatuendi kule. Kuna mahali barabara inagawanyika na wewe unashika ya pembeni. Mwenzangu alikuwa ameitaka ile barabara miaka miwili hakuipata, mimi nisiye na kazi nayo nikawekwa kando yake. Jambo hilo lilinikera kila siku nilipokwenda sokoni. Sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Tulikuwa tunapigiana simu kila baada ya wiki chache. Alikuwa anauza vitambaa vya vitanda, na mama yake alikuwa anatembea kidogo. Ijumaa moja, asubuhi, nikiwa nimeketi juu ya ukuta mfupi nje ya jengo letu, aliniuliza kama ninawaona watu wa umra wakipita.

"Nawaona," nikamwambia. "Leo ni wengi."

"Wamevaa vizuri?"

Nikamwelezea basi lililokuwa limesimama kwenye taa: wanawake waliovaa mitandio ya rangi moja ili wasipoteane, mmoja anakula chungwa. Alitaka kujua maganda anayatia wapi. Nikamwambia kwenye mfuko wa plastiki. Akaridhika. Basi likaondoka, nami nikasema kitu nilichokuwa nimekibeba mwaka mzima.

"Siku ile sikunyamaza kwa sababu uliniambia. Niliogopa. Hata usingeniambia ningenyamaza."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akimwita, naye akamwambia asubiri. Kisha akaongea kwa sauti yake ile ile ya kuniambia nisioge maji baridi.

"Mimi nawe tumekaa miaka miwili," alisema. "Kila nikwambialo wafanya kinyume. Ndiyo maana siku ile nilikwambia unyamaze."